Mbwa Aliyejua Kiswahili

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi wa baiskeli pale Githongo, nikingoja mvua ipungue ili niendelee na safari yangu, harufu ya sulusheni iliponifikia. Fundi alikuwa ameukwaruza mpira wa ndani kwa msasa, akaupaka ile gundi nyembamba, kisha akaupuliza kwa mdomo kama mtu anayepoza uji. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeishi Isiolo, nimeishi Nakuru, nimeishi Voi, na kote huko nimekuta mafundi wa baiskeli na sulusheni yao. Lakini siku hiyo, labda kwa sababu ya mvua, labda kwa sababu ya udongo mwekundu ule ule wa mlima wetu, harufu ilinirudisha utotoni. Wakati huo huo kijana mmoja alipita akiteremka kwa kasi, na mbwa wa manjano akachomoka kwenye ua wa kahawa. Kijana aliinua miguu yote miwili akaiweka juu ya usukani, akateleza hivyo hivyo, mbwa akibweka kando ya pedeli tupu mpaka akachoka. Watu waliokuwa kibarazani walicheka. Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukatamka: "Lala."

Hakuna aliyenisikia. Nilipanda gari lililofuata, nikasafiri, nikafanya shughuli zangu, lakini neno hilo lilibaki mdomoni kama kokwa la tunda. Ndiyo maana naandika.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni wakati wa vita vya msituni, ilikuwa nini. Tulikuwa wadogo, lakini macho tulikuwa nayo. Kwetu ilikuwa milimani juu ya Runyenjes, kila boma na mgongo wake wa kilima, kila boma na moshi wake. Kisha siku moja tulitolewa, nyumba zikachomwa, tukapangwa katika kijiji kimoja, vibanda mstari baada ya mstari kama mahindi. Kuzunguka kijiji kulichimbwa handaki refu, na ndani yake vilisimikwa vijiti vilivyochongwa vikawa kama meno. Lango lilikuwa moja tu. Juu ya lango ilikaa kambi ya homugadi, wale askari wa nyumbani waliokuwa watoto wa majirani zetu na ambao, tangu wavae makoti yale ya kaki, walianza kutuamrisha kwa Kiswahili.

Kutoka langoni barabara ilishuka moja kwa moja mpaka mtoni, kisha ikapanda ng'ambo kuelekea hospitali ya misheni. Baba yangu alikuwa mpishi katika hospitali hiyo. Alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma nyuma, na alikuwa na pasi iliyomruhusu kutoka asubuhi na kurudi kabla ya kafyu, saa ya watu kufungiwa ndani. Pasi hiyo ilitiwa sahihi na Kamanda wa kambi, tena kila mwezi upya. Mashamba yetu yalikuwa mbali, na muda tuliopewa wa kwenda kuchimba viazi haukutosha hata kufika. Kwa hiyo tulikula kile ambacho baba alileta kwenye debe lililofungwa kwenye keria: uji uliobaki, maharagwe ya chini ya sufuria, ukoko wa wali. Mama alikuwa mja mzito. Hata mimi, na umri wangu ule, nilielewa kwamba karatasi ile iliyokunjwa ndani ya kofia ya baba ndiyo iliyokuwa ikimlisha mtoto aliyekuwa tumboni.

Na kati ya karatasi ile na sisi kulikuwa na mbwa.

Kamanda alikuwa amemtoa katika shamba la mzungu mmoja upande wa Nanyuki. Alikuwa mkubwa, rangi ya jivu, sikio moja limekatika. Aliyemlea huko alikuwa mtu wa kaskazini ambaye hakuwa na lugha nyingine ya kusema naye isipokuwa Kiswahili, na kwa hiyo mbwa huyu hakujua Kiembu hata kidogo. Ungeweza kumtukana mpaka ukauke, asigeuze kichwa. Jina lake lilikuwa Sajini. Kamanda mwenyewe hakuwa na cheo chochote cha serikali zaidi ya lile koti, na wanawake walipokuwa mtoni walinong'onezana kwamba asubuhi akiamka lazima ampigie mbwa saluti.

"Usicheke," mmoja alikuwa akimwambia mwenzake. "Mkubwa wake ni mkubwa wake."

Mbwa wengine hawakuwapo kijijini. Wetu wote walikuwa wamekwisha kabla hatujahamishwa, kwa sababu watu wa msituni walituma neno kwamba mbwa anayebweka anauza watu. Mimi niliambiwa kwamba wetu amekwenda kukaa Ishiara, kwa jamaa, kwenye joto, kwa kuwa alikuwa na kifua. Niliamini. Kwa muda mrefu, kila nilipoona mtu wa Ishiara amekuja sokoni, nilimwangalia nguo zake kama zina manyoya.

Sajini alichukia magurudumu. Mtu wa miguu alimwacha apite akimnusa tu, lakini baiskeli ikitokea alishuka kutoka kambini kama jiwe lililosukumwa. Asubuhi haikuwa taabu. Baba alitoka langoni, akapiga pedeli mara chache, kisha akainua miguu juu ya usukani na kuiacha baiskeli iteremke yenyewe, akiwa amekaa kama mzee aliyenyoosha miguu kwenye moto. Sajini alimfuata mpaka nusu ya mteremko akarudi. Taabu ilikuwa jioni. Jioni ni kupanda, na anayepanda hawezi kuinua miguu. Baba alijaribu kushuka na kusukuma, baiskeli ikiwa kati yake na mbwa, lakini Sajini alizunguka nyuma. Alijaribu kupanda kwa kasi, lakini debe lilikuwa zito na kilima kilikuwa kirefu. Suruali zake zote mbili zilikuwa na viraka pale pale, chini ya goti la kulia, na mama aliposhona alisema, "Angalau mbwa huyu ana adabu, anauma mahali pamoja."

Kumpiga haikuwezekana. Mbwa alikuwa mali ya kambi. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa na pasi ya kuuza mkaa, alimrushia jiwe, na jioni ile ile pasi yake ikachanwa mbele ya watu. Tangu siku hiyo alichimba handaki pamoja na wanawake.

Baba alianza kurusha mfupa. Hospitalini mifupa ya supu haikukosekana, na kwa siku kadhaa mambo yalikuwa mazuri: Sajini alikimbilia mfupa, baba akapita. Kisha Kamanda akamwita. Mimi nilikuwa nimeshika keria, nikasikia yote, kwa kuwa alisema Kiembu.

"Baba Wanja, wewe ni mtu wa kanisa. Nitakuuliza kama mtu wa kanisa. Mbwa unayemlisha atakubwekea?"

"Hapana, mzee."

"Leo habweki akikuona wewe. Kesho hatabweka akimwona nani? Nani anapita hapa usiku akiwa na mfupa mfukoni?"

"Mzee, mimi naogopa kuumwa tu."

"Kuumwa ni kidonda, na wewe unafanya kazi hospitali," Kamanda alisema, na homugadi wakacheka. "Nikiona mfupa tena kwenye barabara yangu, pasi nitaichana vipande vidogo kuliko huo mfupa."

Kwa hiyo mifupa ikaisha. Kulibaki maneno tu.

Baba alikijua Kiswahili. Kabla ya misheni alikuwa amewapikia wazungu wa mashamba miaka mingi. Alijua amri ambazo mbwa wa aina ile hufundishwa, na jioni moja alijaribu. "Lala, Sajini. Lala." Sajini alimwangalia kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, kisha akamshika mguu. Baba aliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda, akakunja suruali, akacheka kicheko kidogo kisichofika machoni.

"Sauti yangu imezoea kusema 'ndiyo bwana'," alimwambia mama. "Mbwa anaisikia."

Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimepewa jina la mamake, Wanja, na kwa desturi yetu hakuniita kwa jina hilo, aliniita Mama. "Mama," alisema, "njoo hapa. Yako bado haijazoea kitu."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza Kiswahili. Kigoda kilikuwa Sajini. Baba alikisukuma kuelekea kwangu, nami nilipaswa kukisimamisha. "Lala" ilikuwa ya kwanza, kisha "Rudi", kisha "Nyamaza". Alinirekebisha si matamshi bali shingo. "Usiinamishe kichwa. Usiseme kama unaomba. Usipige kelele pia. Sema kama mtu anayejua kwamba mbwa atalala, na anangoja tu alale." Mimi nilikiambia kigoda lala, na kigoda kikalala, kwa kuwa baba alikiangusha kwa kidole cha mguu, tukacheka wote wawili.

Mama hakucheka. "Unamfundisha mtoto wa kike kusema kama askari," alisema.

"Namfundisha kusema na mbwa."

"Sijaona tofauti."

Mimi pia sikuiona, na hapa ndipo lazima niwaeleze jinsi akili yangu ya utoto ilivyokuwa imepanga mambo. Kiswahili nilikuwa nimekisikia kabla ya hapo, lakini mahali pamoja tu. Patroli ya askari ilipokuja, watu wote walitolewa vibandani wakakusanywa uwanjani, na sauti ikasema: "Lala chini!" Tulilala kifudifudi, mikono kichwani, wakubwa na wadogo, huku buti zikipita kati yetu. Aliyechelewa alipigwa kwa kitako cha bunduki. Baadaye sauti ikasema "Kaa!" tukakaa, ikasema "Simama!" tukasimama. Kwa hiyo nilijua Kiswahili ni nini. Ilikuwa lugha ya kulaza na kuamsha. Sikuwazia kwamba ina neno la kuulizana habari, au la kumwimbia mtoto. Na nilipoambiwa kwamba Sajini anaisikia, halikuwa jambo la ajabu kwangu. Niliona tu kwamba alifundishwa kama tulivyofundishwa sisi.

Saa za jioni watoto na wanawake waliruhusiwa kushuka mtoni kuteka maji, homugadi mmoja akiwalinda. Huko ndiko nilikomngoja baba. Alinipandisha kwenye paipu ya mbele, kati ya mikono yake, na tukaanza kupanda. Siku ya kwanza niliusikia moyo wake mgongoni mwangu. Sajini alikuja. Niliiona midomo yake ikikunjuka juu ya meno, nikaona kwamba ulimi wake ni mweusi kwa nusu. Nilinyoosha shingo, nikasema, "Lala."

Alilala! Alilala katikati ya barabara kama gunia, sikio lake zima likinifuata mpaka tukapita. Baba aliendelea kukanyaga pedeli mpaka tukafika kwenye kibanda chetu. Hapo alinishusha, akaniambia, "Haya, Mama. Kula kwanza wewe."

Kuanzia hapo ilikuwa kazi yangu. Wavulana wa kijiji waliniita Bibi ya Sajini. "Bibi ya Sajini, bwana yako amekula?" walinipigia kelele nikipita na kibuyu changu, nami niliwajibu kwa Kiswahili, "Nyamaza," na wengine, mtaniamini, walinyamaza. Homugadi walinipenda. Kamanda mwenyewe alitoka siku moja na kikombe chake cha chai, akatazama mbwa akilala, akasema, "Huyu nitamwandika kazi." Nilijiona nimekuwa mtu. Nilifikiri nguvu ile iko ndani yangu, kooni, mahali fulani.

Mvua ndefu ilikuja, na handaki likaanza kubomoka. Upande wa barabara, chini kidogo ya kambi, ukuta wote uliporomoka ukafunika vijiti, na alasiri moja wanawake wote walipelekwa pale kuchimba upya. Mama alikuwa kati yao. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, na alibeba udongo kwa karai dogo akiwa ameliegemeza kiunoni, mwendo wa bata. Aliyekuwa mzee kuliko wote pale alikuwa Cucu Ciarunji, nyanya wa jirani zetu, mtu aliyekunjika kama kisu cha mfukoni, kamba ya kikapu ikiwa imemchimba mfereji kwenye paji la uso. Alisamehewa mambo mengi kwa uzee wake lakini handaki hakusamehewa.

Nilikuwa mtoni na watoto wenzangu. Baba alikuja akiwa amechelewa, matope mpaka magotini. Siku hiyo hospitali ilikuwa na wagonjwa wachache, na debe lilikuwa limejaa.

"Leo tutashiba mpaka kesho," aliniambia aliponipandisha. "Na leo ni siku ya sahihi. Kamanda ataiandika pasi ya mwezi mpya. Kwa hiyo, Mama, msalimie vizuri."

Tulipanda polepole, gurudumu la nyuma likiteleza. Tulipokaribia kambi niliona wanawake kushoto kwetu, ndani ya handaki na ukingoni, makarai na majembe. Kamanda alikuwa amesimama kwenye ngazi ya udongo na kikombe chake. Homugadi mmoja kijana, aliyekuwa mgeni, hakunijua mimi wala kazi yangu. Aliiona baiskeli, akaona mbwa, akataka kuchangamsha jioni. Alisema, "Kamata!"

Sajini hakubweka safari hiyo. Alikuja kimya, chini chini, na nilipomwona alikuwa amekwisha kumshika baba mguu. Baiskeli ililala upande, nami nikang'ang'ania usukani. Debe lilichomoka likabingirika, uji wote ukamwagika kwenye matope. Sajini hakuachia. Alikuwa akitikisa kichwa kama anayetaka kuvua soksi. Baba alikuwa na mguu mmoja huru, na mguu huo ulikuwa na buti nzito ya hospitali, na niliuona ukiinuka. Niliona pia macho ya Kamanda. Hayakumtazama mbwa wala baba. Yalikuwa yakiitazama ile buti, yakingoja.

"Lala," nilisema. Ilitoka kama uzi. "Lala, Sajini." Mbwa hakusikia.

Basi nilivuta pumzi, nikasema kama nilivyojua kwamba huwa inasikika. Nilisema kama patroli.

"Lala chini!"

Nilisikia kwanza makarai. Halafu majembe, halafu vishindo vizito vilivyofuatana, kama viazi vinavyomwagwa kutoka gunia. Nilipogeuka, hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyesimama. Walikuwa wamelala kifudifudi katika matope, ndani ya handaki na ukingoni, mikono kichwani, sawasawa kama tulivyofundishwa. Cucu Ciarunji alikuwa amelala, kikapu kikiwa bado kimefungwa kwenye paji lake, udongo ukimwagikia shingoni. Mama yangu hakuweza kulalia tumbo. Alikuwa amepiga magoti, kisha viwiko, kisha akajilaza ubavu, na hata hivyo alikuwa ameweka mikono kichwani. Yule homugadi mgeni alikuwa amechuchumaa, bunduki chini, na sasa alikuwa akijiinua akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Na Sajini alikuwa amelala. Alikuwa ameachia mguu, kidevu chake kikiwa juu ya matope, sikio zima likinielekea mimi.

Gurudumu la mbele la baiskeli lilikuwa likizunguka bure.

Kisha Kamanda akacheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Tazama! Njooni mtazame! Mtoto wa mpishi ana nguvu kuliko bunduki zetu!" Homugadi walitoka kambini, nao wakacheka. Mwanamke mmoja aliinua kichwa kuangalia, akaona kwamba ni mimi, akaanza kujiinua.

"Nani amekwambia uamke?" Kamanda alisema. Mwanamke alirudi chini. "Aliyewalaza ndiye atakayewaamsha. Hiyo ndiyo sheria. Haya, mtoto. Sema simama."

Alishuka ngazi akaja karibu nasi. Alimnyooshea baba mkono wake mtupu. "Na wewe lete pasi niitie sahihi. Mtoto akishasema, unaichukua, mnakwenda zenu. Hakuna aliyekosea hapa. Tunacheza tu."

Neno nililijua. Lilikuwa tayari mdomoni, na niwaambie ukweli, sikuona ubaya wake. Walikuwa wamelala kwenye maji baridi, na mimi nilikuwa na neno la kuwaamsha. Nilifungua mdomo. Kiganja cha baba kikaufunika. Kilinuka vitunguu na sulusheni, kwa kuwa asubuhi alikuwa ameziba pancha.

 Baba aliiacha baiskeli imelala pale pale, yeye ambaye hakuilaza kamwe hata kwenye nyasi kavu, akaniweka kando yake. Alimpita Sajini karibu kabisa, damu ikimshuka ndani ya buti, akaingia kwenye handaki. Alianza na Cucu Ciarunji. Aliinama, akaitoa kamba ya kikapu kwenye paji lake, akamshika chini ya mikono. "Amka, mama," alimwambia kwa Kiembu. "Ni mtoto tu. Alikuwa akisema na mbwa." Akamfuta udongo shingoni kwa mkono wa shati. Kisha akaenda kwa aliyefuata. Aliwaamsha mmoja mmoja, hakumruka yeyote, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya mtu anayebisha hodi. Mama alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa mbali zaidi. Alipomwinua walisimama kidogo, paji la uso la mmoja likikaribia la mwenzake.

Homugadi walikuwa wameacha kucheka. Baba alipanda kutoka handakini, akavua kofia, akatoa ile karatasi akaiweka katika kiganja cha Kamanda kabla hajaombwa mara ya pili. Kamanda aliitazama, akamtazama baba. Nadhani kama baba angesema neno moja la kuomba angerudishiwa. Alingoja neno hilo. Halafu akaikunja, akaitumia kufutia chai kwenye koti lake.

Pasi nyingine baba hakuipata mpaka Imajensi ilipoondolewa. Kazi ya hospitali alipewa mtu mwingine, baiskeli ikakaa kibandani mpaka matairi yakapasuka. Ndugu yangu alizaliwa katika kibanda kile, mdogo kama jogoo aliyenyonyolewa, na akaishi, ingawa mpaka leo ni mtu wa kuugua. Miezi ile tulikula majani ambayo hata jina lake silijui kwa lugha yoyote. Sikuwahi kumsikia mama akimuuliza baba kwa nini.

Lakini jioni ile ile, kabla ya hayo yote, aliuliza kitu kingine. Alikuwa amemkanda baba mguu kwa maji ya moto na chumvi. Mimi nilikuwa pembeni, sijaguswa wala kugombezwa.

"Baba," nilisema, "nilikosea neno?"

"Neno lilikuwa sawa, Mama."

Mama alikamua kitambaa. "Baba Wanja, hii lugha yenu ina maneno ya kulaza watu tu?"

"Yako mengine."

"Kama yapi? Hao wauguzi wa hospitalini, mgonjwa akilia usiku, wanamwambia nini?"

Baba alifikiri. "Wanamwambia pole."

"Linasemwa wakati gani?"

"Mtu akiumia. Akiwa amechoka. Akifiwa."

"Basi mfundishe hilo. Kesho ataenda kuwaambia wale wazazi wake wote aliowaweka kwenye matope."

"Mwache awaambie kwa Kiembu," baba alisema. "Kiembu wanakijua."

"Hapana," mama alisema. "Amewalaza kwa Kiswahili."

Nilijifunza. Lilikuwa jepesi kuliko yale mengine, lakini baba alinirekebisha zaidi, kwa kuwa kila nilipolisema lilitoka kama amri. Safari hii alitaka niinamishe shingo kidogo. Nililala nikilitamka.

Asubuhi mama alinishika mkono akanipeleka handakini. Baba naye alikuwa akienda, kwa mara ya kwanza, jembe begani, akichechemea. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ya makarai, na wa mbele alikuwa Cucu Ciarunji, kamba yake tayari kwenye paji la uso. Sajini alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kambi, akitutazama. Mama aliniachia mkono, akanisukuma mgongoni taratibu.

Nilisimama mbele ya yule mzee. Niliinamisha shingo kama nilivyofundishwa.

"Pole, cucu," nilisema.

Aliitua kamba. Aliweka kikapu chini, polepole, akajinyoosha kadiri mgongo wake ulivyoweza kunyooka. Alimtazama homugadi aliyesimama ukingoni, kisha akanitazama mimi, na mikono yake ikaanza kupanda kuelekea kichwani, ikasita.

"Hilo linataka nifanye nini?" aliniuliza kwa Kiembu.

Nilimtazama mama. Mama alikuwa akitazama chini.

"Halitaki ufanye kitu, cucu," nikasema.

Hakunisadiki. Aliendelea kusimama pale, mikono yake ikiwa imefika nusu ya njia, akingoja.